Simulesheni ya kliniki ina vigezo 7: nipunguzeje majaribio?

kibuyu_tupu
Wakuu, nina modeli ya foleni ya kliniki ya wagonjwa wa nje: mapokezi, daktari, maabara, dirisha la dawa. Vigezo ni 7, kila kimoja nakitaka kwa viwango 5. Hiyo ni michanganyiko 78,125, na mmoja unakula dakika 3. Kompyuta itakesha siku zaidi ya 162, hapo sijarudia hata mmoja kwa mbegu nyingine (namba inayoanzisha mfululizo wa namba nasibu). Nianzie wapi?

Mpiga Hesabu
Mkuu, anza kwa kuchuja. Kila kigezo kipe viwango 2 tu, cha chini (−1) na cha juu (+1). Inabaki michanganyiko 128, na humo inatosha 16. Vigezo vyako 7 viite A hadi G. Panga A, B, C, D kwa michanganyiko yao yote 16, halafu E = ABC, F = BCD, G = ACD, yaani kiwango cha E ni zao la alama za A, B na C, na kadhalika. Ukirudia kila mstari mara 20 ni dakika 960, yaani saa 16. Athari ya kigezo kimoja kimoja haitachanganyika na mwingiliano wa viwili viwili (athari ya kimoja kutegemea kiwango cha kingine). Ila mwingiliano wenyewe unafunikana: AB hutautofautisha na CE wala FG. Jozi unazozishuku zisiangukie kundi moja.

Bi Takwimu
Naongezea: viwango 2 havioni mkunjo, na foleni zina mkunjo mkali. Chukua foleni ya M/M/1, yaani daktari mmoja, wagonjwa wanafika kinasibu na muda wa huduma nao ni nasibu. Akiwa na kazi 80% ya muda, wastani wa wagonjwa ni 4, anayehudumiwa akiwemo. 90%, ni 9. 95%, ni 19! Kwa hiyo vigezo 3 au 4 vitakavyopita mchujo vipangie haipakyubu ya Kilatini (masafa ya kila kigezo yanagawanywa vipande sawa, kila kipande kinachukuliwa mara moja), pointi kama 10 kwa kila kigezo. Idadi ya madaktari ni namba kamili, hivyo ukishaizungusha hadi namba kamili kagua upya korilesheni za safu, yaani kama safu za vigezo hazijaanza kwenda pamoja.

kibuyu_tupu
Shukrani sana. Data za mwanzo, foleni ikiwa bado tupu, nizitupe?

Mpiga Hesabu
Kliniki ikifunguliwa asubuhi na kufungwa jioni, usitupe kitu. Ukumbi mtupu wa asubuhi ndio hali halisi. Kutupa ni kwa idara ya dharura ya saa 24. Wewe shughulikia namba nasibu: kila chanzo cha unasibu (ufikaji, huduma ya daktari, maabara) kiwe na mkondo wake wa namba, na muda wa kila huduma uuchote mgonjwa anapofika, umbandike nao. Mkondo ukiwa mmoja, kuongeza daktari kunavuruga zamu ya kuchota, na unajikuta unalinganisha wagonjwa tofauti. Mipango miwili unayoilinganisha ikishatumia namba zilezile, toa tofauti siku kwa siku, ndipo ufanye jaribio la t la jozi (kupima kama wastani wa tofauti hizo si sifuri).