Naomba ushauri: kusaka makopo ya jiokeshi kwa pikipiki nikiwa na simu tu

Mtu wa Korogwe
Wakuu, habari zenu. Nina Boxer 150 na simu ya Android ya kawaida. Jamaa yangu aliyeko Ujerumani amenifundisha mchezo wa jiokeshi: mtu anaficha kopo lenye kidaftari ndani, anaweka koodineti (namba zinazoonyesha mahali lilipo) mtandaoni, wewe unalisaka. Ukilipata unaandika jina na tarehe, kisha unalirudisha palepale. Mimi siku zisizo na kazi hupanda Mombo kwenda Lushoto kwa kuipenda tu barabara ile, kwa hiyo nimeona mchezo huu unanifaa kabisa.

Naombeni mnisaidie. Simu niifunge kwenye usukani au ikae mfukoni? Chaji nitaipataje? Na kwenye kona za mlimani mtandao hukatika, je, bado itanielekeza? Mashine maalumu ya GPS sina na kuinunua sitaweza. Natanguliza shukrani.

Fundi Waya
Mkuu, karibu. Naanza na usukani. Mtikisiko wa injini huharibu kamera za simu, hasa zile zenye lenzi inayojisogeza ndani ili picha itulie. Apple wenyewe walitoa tahadhari hiyo Septemba 2021 kuhusu pikipiki zenye injini kubwa, na hata kwa vipikipiki vidogo wakashauri kishikio chenye mpira wa kufyonza mtikisiko. Ukinunua kishikio cha chuma kitupu, unaiweka kamera rehani.

Chaji: mwambie fundi akuvutie waya kutoka kwenye betri, aweke fyuzi karibu na betri, na umeme upite kwenye swichi ya funguo ili ukizima pikipiki nayo ikate. Volti 5 kwa ampea 2 ni wati 10 tu, Boxer inazimudu. Angalia joto pia. Simu inayochajiwa juani, skrini inawaka, tena imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki, itajizima yenyewe kabla hujafika Soni.

Kona Kali
Mimi napinga usukani moja kwa moja. Weka simu mfuko wa kifuani, sikio moja liwe na spika, sauti ikuambie kata kushoto, kata kulia. Njia ya Mombo kwenda Lushoto ina kona, ina malori, ina watoto wanaotoka shule. Macho hayana nafasi ya ramani.

Fundi Waya
Kaka, spika sikioni nayo inakunyima honi ya lori linalokuja nyuma. Bora asimame pembeni, aangalie, aendelee.

Mzee wa Ramani
Vijana, wote mna hoja, ila kazi ya pikipiki ni kukufikisha mahali pa kuegesha tu. Kopo husakwa kwa miguu. Kwa hiyo usiku kabla ya safari kaa na simu nyumbani, chagua makopo mawili matatu, na kwa kila moja weka alama mahali utakapoegesha. Barabarani unafuata alama za maegesho. Ukishashuka na kuvua helmeti ndipo unafungua koodineti za kopo lenyewe.

Kuhusu mtandao ondoa shaka. GPS haili bando, simu inapokea mawimbi ya satelaiti moja kwa moja. Kinachohitaji intaneti ni ramani na maelezo ya kopo, navyo unavipakua mapema. Organic Maps na OsmAnd huhifadhi ramani ya Tanzania ndani ya simu bila malipo. Kwa makopo, Android ina c:geo, nayo ni ya bure. Unafungua akaunti ya Geocaching, tovuti ya mchezo huu, unahifadhi makopo, unaondoka. Palipo wazi simu hukosea mita 5 hivi. Chini ya miti ya Usambara hukosea zaidi, hapo unaacha skrini na kutumia akili ya mfichaji.

Mchezo wenyewe ulizaliwa kwa sababu hiyo ya usahihi. Tarehe 2 Mei 2000 Marekani iliacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS ya raia, na kesho yake Dave Ulmer akaficha ndoo porini huko Oregon, akatangaza koodineti zake.

Jambo moja linalowapoteza wengi: namna ya kuandika koodineti. Mchezo huu hutumia digrii na dakika. Lushoto mjini ni kama S 04° 47.000 E 038° 17.000. Ramani nyingi za simu zinataka desimali, basi gawa dakika kwa 60, na kusini (S) iwekee alama ya kutoa: -4.78333, 38.28333. Ukiandika -4.47 utapelekwa karibu kilomita 35 kaskazini. Ukisahau alama ya kutoa, utajikuta kusini mwa Ethiopia, jirani na Yabelo.

Dada wa Soni
Nyongeza kutoka kwa mwenyeji. Ulaya wanasaka kwa kujificha watu wasiwaone. Huku usifanye hivyo. Mgeni anayesimamisha pikipiki na kupapasa chini ya daraja atazua maneno kijiji kizima. Salimia kwanza, waonyeshe simu, waeleze unachotafuta. Watoto watakusaidia kwa furaha, ila waombe wasilihamishe.

Na wanaopita barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa, ile sehemu ya Mikumi msishuke kusaka chochote. Ile ni hifadhi, simba na tembo wapo.

Mtu wa Korogwe
Asanteni sana wakuu, dada na mzee shikamooni. Nimeamua: kishikio chenye mpira, waya wa chaji kwa fundi, ramani napakua leo usiku. Swali la mwisho. Nikitaka kuficha la kwangu karibu na maporomoko ya Soni, nianzie wapi?

Mzee wa Ramani
Marahaba. Anza kwa mwenye eneo, kisha mtendaji wa kijiji. Liwe umbali wa mita 161 au zaidi kutoka kopo lingine, chombo kiwe kinachoonyesha ndani na kiandikwe nje ni kitu gani, mtu asidhani ni bomu. Na uwe tayari kupanda kulikagua kila baada ya mvua za masika.

Dada wa Soni
Mwenye shamba la pale juu namfahamu. Ukija nitakupeleka kwake.