Picha za usiku Guangzhou kwa simu: stendi, modi ya usiku, GCam au nibadilishe simu?

MzigoWaKkoo (mwenye mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Katikati ya Novemba naenda Guangzhou kufuata mzigo wa mapazia. Hii ni safari ya tatu. Zile mbili za kwanza, mchana kutwa niko masokoni, usiku nalala kama gogo. Siku moja tu nilijikokota hadi mtoni kuuona Mnara wa Canton, ule wa mita 600 wenye kiuno. Nikapiga picha zaidi ya arobaini. Kurudi nyumbani nawaonyesha watoto, mdogo ananiuliza, "Baba, hii ni tyubulaiti?" Na kweli, mnara mzima ulikuwa fimbo nyeupe. Rangi hakuna, kiuno hakuna. Jumba la Opera nalo likatoka giza lenye chenga chenga, kama TV ya zamani iliyokosa antena.

Simu ni Samsung A54. Bajeti laki mbili, na kilo za begi nazihesabu. Nalinganisha haya:

– modi ya usiku, simu mkononi, kama nilivyofanya ila kwa utulivu zaidi
– stendi ndogo na modi ya pro (ile unayoweka vipimo mwenyewe)
– GCam (programu ya kamera ya Google)
– kuiuza A54, kuongeza hela na kuchukua simu yenye jina kwa kamera

Nishaurini kabla sijaliwa hela.

Chenga_Kidogo

Stendi, mkuu. Usiku kamera inahitaji muda wa kukusanya mwanga, na mkono wa binadamu hautulii hata ukibana pumzi. Modi ya usiku inachofanya ni kupiga picha nyingi harakaharaka na kuzipanga moja juu ya nyingine. Mkono ukicheza, inalainisha kila kitu hadi vioo vya jengo vinakuwa uji. Weka stendi, ISO 100 (wepesi wa kamera kwa mwanga, uwe chini), shata (muda wa kuachia mwanga uingie) sekunde 2 mpaka 4, na usibonyeze kwa kidole, tumia taima. Chenga zitakwisha zenyewe. Stendi ya kukunja hata kilo haifiki.

DukaLaSimu_Aggrey

Stendi haiwezi kuikuza sensa ya simu, kile kipande kinachopokea mwanga. Simu za bei kubwa mara nyingi zina sensa kubwa. Pixel walileta modi ya usiku 2018, iPhone wakafuata na 11 mwaka 2019, na ukiiegesha iPhone isitikisike kabisa inaweza kukupa hadi sekunde 30. Leta A54 yako tuongee, napokea za zamani unaongeza.

Chenga_Kidogo

Mwenye duka kashaingia 😂 Jamaa kasema laki mbili. Kwa hela hiyo juu ya A54 labda umpe hiyo hiyo iPhone 11, na lenzi pana ya 11 haina modi ya usiku. Ilianza kwenye 12. Kule majengo marefu, lenzi pana ataihitaji.

Mtundu254

Niaje wadau. Mbona mnatumia pesa ya mwenyewe hivyo? GCam ni bure. Ni programu ya kamera ya Google, watu wa kujitolea wameitengeneza ikubali simu zingine. Mimi iko kwa Redmi yangu na KICC usiku inatoka fiti, mistari ya zege inaonekana mpaka juu. Lakini niseme ukweli, nilijaribu matoleo matano kabla nipate moja inakubali lenzi zote. Moja ilikuwa inajifunga ukibonyeza tu. Na usipakue APK (faili ya kuweka programu) kwa tovuti yoyote unakutana nayo, manake hiyo simu iko na M-Pesa.

MzigoWaKkoo

Hapo kwenye M-Pesa umenigusa. Simu hii ndiyo benki yangu, na nikiwa safarini ndiyo ofisi. GCam naiweka kando, siwezi kujaribu matoleo matano na mzigo unanisubiri.

BintiKibokoni

Salaam aleikum nyote. Mie ni wa Mombasa lakini huu mwaka wa nne niko Guangzhou kwa masomo, na pale mtoni huenda karibu kila wiki. Mwazungumza simu na stendi tu, hamjauliza jengo lenyewe limewashwa vipi. Kaka MzigoWaKkoo alikosa picha mbili kwa sababu mbili zilizo kinyume, na nyinyi mwampa dawa moja.

Mnara wa Canton taa zake ziko mwilini mwake, LED zimepangwa kwenye nguzo na pete, na rangi zabadilika kila mara. Shida yake ni mwanga kuzidi, si kupungua. Kila kidoti cha picha kina kipimo cha nyekundu, kijani na buluu. Taa ikizidi, zote tatu zajaa, na zikijaa zote jibu ni nyeupe. Ndiyo hiyo tyubulaiti ya mwanao. Tena modi ya usiku yakusanya sekunde kadhaa, na katika sekunde hizo mnara umeshatoka zambarau umeingia kijani, wapata rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Sekunde 4 za kwenye stendi zitauharibu zaidi.

Kwa mnara fanya hivi: modi ya kawaida, ile alama ya mwezi ikitokea kwenye skrini izime. Gusa kiuno cha mnara, shikilia kidole mpaka fokasi ijifunge, kisha teremsha kile kitelezi cha mwanga hadi rangi zirudi. Skrini itakuwa nyeusi pembeni mpaka uogope. Iache. Mkono watosha. Na ukiwa kwenye modi ya pro, usikimbize shata mno. Umeme wa hapa ni hezi 50 kama wa kwetu, na LED nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni lakini simu yaona, ukiweka 1/500 ya sekunde utapata michirizi kama ya shuka la gereza. Kaa kwenye 1/50 au 1/100.

Jumba la Opera ni jambo jingine kabisa. Lile alilibuni Zaha Hadid, likafunguliwa 2010, nalo lina sura ya kokoto mbili zilizolainishwa na mto. Nje ni mawe ya granaiti, mwanga watoka ndani kupitia vioo vya pembetatu. Hapo ndipo stendi ya Chenga_Kidogo yafaa, lakini wakati ni muhimu kuliko stendi: nenda baina ya magharibi na isha. Novemba jua hapa huzama kama saa kumi na mbili kasorobo jioni. Ngoja robo saa. Anga yawa buluu nzito, vioo vyawaka, na ile kingo ya jiwe yaonekana ikiikata anga. Wapata dakika ishirini hivi. Ukichelewa, jiwe jeusi juu ya anga nyeusi, hata simu ya milioni tatu haitakuonyesha jumba laishia wapi.

Jirani yake ni Makumbusho ya Guangdong, sanduku kubwa lenye mianya inayowaka nyekundu. Usiku ule ule, hatua chache tu.

Na kaka, usiupige mnara ukiwa chini yake. Vuka mto, simama upande wa Haixinsha, au panda daraja la Haixin la waenda kwa miguu.

Chenga_Kidogo

Nimekubali nusu, dada. Hoja ya mnara ni kweli tupu na nilikosea kumpa sekunde 4 kwa kila kitu. Lakini stendi haikulazimishi kuacha shata wazi. Kwenye stendi hiyo hiyo naweza kupiga 1/50 kwa ajili ya mnara, kisha sekunde 2 kwa ajili ya mto na anga, simu haijasogea, halafu nyumbani nikaziunganisha. Mkononi huwezi, hazitalingana.

BintiKibokoni

Waweza. Lakini huyu ni mtu atakayetoka sokoni miguu yamuuma, atakaa kuunganisha picha saa ngapi? Yeye ataka watoto wauone mnara.

MzigoWaKkoo

Dada umenisoma 😂

Kimironko_Usiku

Habari za jioni kutoka Kigali. Ninathibitisha aliyosema BintiKibokoni. Sisi tuna Kigali Convention Centre, lile kuba lililofunguliwa 2016, na taa zake hubadilika rangi vivyo hivyo. Nilipiga miezi mingi kwa modi ya usiku na kuba likawa yai la kuchemsha. Siku nilipoteremsha mwanga ndipo nikaona mizunguko ya taa mmoja mmoja. Nyongeza yangu ni ndogo: bonyeza picha kumi mfululizo wakati rangi zinabadilika, kisha chagua. Mara nyingi iliyo nzuri ni ile ya rangi mbili, juu hivi na chini vile, na huwezi kuikamata kwa kukusudia.

Ushauri wa pili: usikuze kwa vidole. Tumia 1x, ukate baadaye. Lenzi pana usiku iwe ya mwisho, kwa simu nyingi za bei ya kati inaingiza mwanga kidogo na chenga zinarudi.

AbiriaWaTransiti

Mimi uzoefu wangu ni Dubai, nikipita tu kuunganisha ndege. Shida yangu haikuwa taa, ilikuwa majengo kulala chali. Ukiinamisha simu kutazama juu, mistari ya jengo inakutana kule angani. Burj Khalifa ina mita 828, ukiwa karibu inaonekana inaanguka mgongo. Dawa ni kurudi nyuma hadi uweze kuishika simu wima kama unaibandika ukutani, hata kama nusu ya chini ya picha ni barabara tupu. Utaikata. Kama nafasi hakuna, Snapseed ina kifaa cha kunyoosha, lakini acha nafasi pembeni maana ikinyoosha inakula kingo. Mimi ilinila ncha ya mnara.

Kingine, walinzi. Mlango wa jengo moja nilifungua stendi, mlinzi akaja kabla sijakaza skrubu ya kwanza. Simu mkononi hakuna shida, stendi anaiona ni biashara. Tangu siku hiyo nabeba kikoi. Nakikunja juu ya ukuta au pipa la maua, naegesha simu, taima ya sekunde 5.

DukaLaSimu_Aggrey

Stendi nzuri zipo dukani, elfu thelathini.

Mtundu254

Stendi inunuliwe Kariakoo ipelekwe China? Si ni kama kupeleka nazi Mafia 😂

BintiKibokoni

😂 Aje anunue hapa. Mawili nilisahau. Google haifunguki kwa laini ya hapa, kwa hiyo picha hazitapanda zenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni. A54 yachukua kadi ya kumbukumbu, weka. Na kama utapanda ndege kwenda Yiwu, tangu 28 Juni 2025 ndege za ndani ya China hazikubali pawabenki isiyo na alama ya 3C, ile ya usalama ya China. Watakunyang'anya pale pale ukaguzi, na kupiga picha usiku kwala chaji.

Futa lenzi pia. Ya mtu aliyeshika vitambaa siku nzima ina mafuta, kila taa yaota masharubu.

MzigoWaKkoo

Nimeamua: A54 inabaki, stendi nanunua huko huko, kikoi ninacho. Kabla ya kuondoka nitafanya mazoezi Daraja la Tanzanite jioni. Nitaleta mrejesho.

---

MzigoWaKkoo (wiki tano baadaye)

Wakuu, mrejesho.

Mnara: mkononi, modi ya kawaida, mwanga nimeteremsha karibu mpaka chini, nikiwa ng'ambo ya mto. Picha kumi mfululizo kama alivyosema wa Kigali. Ya saba ndiyo imetoka, juu waridi, kiunoni buluu, hadi zile nguzo zinavyojipinda zinahesabika. Nilijaribu na modi ya usiku makusudi, nikapata tyubulaiti yangu ile ile. Sikuwa na haja ya stendi hapo.

Juu ya daraja la Haixin nilifungua stendi nikitaka mto na boti zenye taa, sekunde 2. Chenga_Kidogo, ndugu yangu, daraja la watu linatikisika watu wakipita! Picha zote zimecheza. Nilisubiri upenyo kama dakika kumi, watoto wawili wakaja wanakimbizana, nikafunga stendi.

Opera nilifika siku ya kwanza nimechelewa kwa sababu ya mzozo wa mita za kitambaa. Anga nyeusi, stendi ipo, ISO 100, sekunde 4, picha haina chenga hata moja, na haina maana. Ni vioo vinavyoelea gizani. Siku ya pili niliacha soko saa kumi jioni, wenzangu wakanicheka. Saa kumi na mbili na dakika chache simu iko juu ya kikoi kwenye ukuta mfupi, sekunde 1 tu, na kokoto zote mbili zimetoka na anga yake. Stendi ilibaki kwenye begi. Nilipiga moja pia kwa modi ya usiku mkononi muda ule ule, na kwa saizi ya skrini ya simu huwezi kuzitofautisha. Ukikuza ndipo unaona ya mkononi imelainika kwenye jiwe.

Kwa hiyo stendi nimeitumia kwenye Makumbusho tu, picha tatu. Sasa binti yangu anaiwekea simu akirekodi video zake za kucheza.

Mdogo nimemwonyesha ile ya saba. Kauliza kama mnara unazunguka.

Chenga_Kidogo

Ya Haixin nakubali kichapo. Weka hizo picha hapa.

BintiKibokoni

Mashallah. Na ule mzozo wa kitambaa uliishaje?

MzigoWaKkoo

Walinipunguzia. Mita 40 zilikuwa pungufu kwenye roli mbili, nilizipiga picha, mchana.