Kumrekodi mwimbaji na gitaa lake sebuleni Tukuyu: sauti nifanyeje?

MwanaRungwe:
Wakuu, habari zenu. Mdogo wangu wa kike anatunga nyimbo zake mwenyewe, anapiga gitaa lisilo la umeme na kuimba taratibu kwa Kiswahili na Kinyakyusa. Aliimba baa moja Mwanjelwa, watu wakapiga soga mwanzo mwisho. Nataka tumrekodi video sebuleni kwetu, wageni wachache wamkalie karibu kabisa. Nina simu mbili na rekoda ndogo ya mkononi. Nyumba ni ya bati, haina dari. Nianzie wapi?

Kijana_Uyole:
Mpeleke studio kwanza, halafu hapo sebuleni afuatishe midomo tu. Itatoka safi.

FundiSauti_Kihesa:
Hapo mkuu tunapishana kabisa. Kama anafuatisha midomo, wageni wamekuja kusikiliza nini?

MwanaRungwe, kero yako ya baa ndiyo iliyozaa video za namna hii. Mwaka 2008, Bob Boilen na Stephen Thompson wa redio ya NPR, Marekani, walikwenda kumsikiliza mwimbaji Laura Gibson baa moja mjini Austin, kelele zikammeza. Thompson akamtania kwamba afadhali aje aimbe kwenye dawati la Boilen ofisini. Akaja kweli! Ndiyo ikawa Tiny Desk Concert ya kwanza, zile video za NPR za wanamuziki wakiimba kwenye dawati la ofisini. Kwa hiyo wewe tafuta utulivu kwanza, picha baadaye.

Mvua ya Tukuyu ikishuka kwenye bati tupu, hakuna maikrofoni itakayokuokoa. Subiri Julai au Agosti. Baridi itakuwepo, basi gitaa liingie chumbani mapema, na atyuni upya wageni wakishakaa, maana chumba kikipata joto nyuzi zinahama. Zima friji. Kuta tupu zinarudisha sauti, tundika mablanketi mazito.

Rekoda iwe kama nusu mita mbele yake, usawa wa kifua, ielekee pale shingo ya gitaa inapoungana na boksi. Ukiielekeza kwenye tundu utapata mvumo mzito unaofunika maneno, na nyimbo za hivi ni maneno. Pumzi zake zikisikika, ziache, usizifute.

Kabla hajaanza, apige kofi moja mbele ya simu zote mbili. Wakati wa kuhariri, mlio wa kofi kwenye rekoda unaulinganisha na pale viganja vinapokutana kwenye picha. Kisha aimbe wimbo mzima bila kukatisha, akikosea arudie kuanzia mwanzo.

MwanaRungwe:
Asante sana kaka. Bibi yetu naye hawezi kukaa kimya, lazima aitikie kiitikio. Nimkalishe chumba kingine?

FundiSauti_Kihesa:
Hapana jamani, bibi usimtoe! Aonekane kwenye picha na aitikie atakavyo, ila akae nyuma ya mwimbaji, mbali kidogo na rekoda. Wa kuwabana ni wageni wenye simu: wote waweke hali ya ndegeni, na hizo simu zako mbili pia.