Kelele za "rudisheni Chester" zimenichosha, sikilizeni albamu kwanza

Wakuu, nimevumilia tangu Septemba 2024, bendi ya roki ya Marekani, Linkin Park, ilipomtangaza Emily Armstrong kuwa mwimbaji mpya kwenye nafasi ya marehemu Chester Bennington. Leo naandika. Mashabiki wa Linkin Park wa hapa Dar mnakera. Tuko wachache mno katika mji unaolala na kuamka na Bongo Fleva na singeli. Ukipanda daladala na fulana nyeusi ya bendi ya roki, kuna mtu atakuuliza kama umejiunga na freemason. Halafu hao hao wachache, bendi ikitajwa tu, kazi yao ni kumporomoshea matusi Emily Armstrong. "Hii siyo Linkin Park." "Rudisheni Chester." "Demu anafanya nini pale?" Basi, wamemaliza. Hakuna anayetaja wimbo, hakuna anayetaja gitaa, hakuna anayesema drams zimemkwaza wapi.

Juzi kwenye kijiwe chetu Sinza jamaa kaja na spika, kaweka From Zero, albamu yao ya kwanza na Emily. Albamu yenyewe ni nyimbo 11 ukijumlisha na utangulizi wa sekunde chache, zote pamoja dakika 32 hivi, haifiki hata kipindi kimoja cha mpira. Wimbo wa kwanza Mike Shinoda, rapa na mwimbaji mwingine wa bendi, anaanza peke yake, na kijiwe kizima kilikuwa kinatikisa vichwa. Alipoingia tu Emily, mtu kanyanyuka, kakata, kaweka nyimbo za 2003, enzi za Chester. Watu wakashangilia! Nikauliza, nani hapa ameisikiliza albamu hii mwanzo mpaka mwisho? Kimya. Mmoja akasema aliona kipande TikTok. Kipande cha TikTok, na ana miezi anatuhubiria kwamba bendi imekufa.

Sasa tuambiane ukweli kuhusu hiyo "Linkin Park halisi" mnayoilinda. Bendi hii ilianza mwaka 1996 California ikiitwa Xero, na mwimbaji wake alikuwa Mark Wakefield. Akaondoka. Mwaka 1999 ndipo akaletwa kijana kutoka Phoenix, Arizona, anaitwa Chester Bennington. Yaani Chester mwenyewe aliingia kwenye nafasi ya mtu. Angepokelewa na watu wa aina yenu, Hybrid Theory ya mwaka 2000 isingetoka, na sisi tuliokuwa tunanunua CD za kuchoma Kariakoo tusingekuwa na cha kununua. Jina la albamu mpya linarudi huko huko kwenye Xero. Wamewaambia waziwazi kwamba wanaanza upya, ninyi mnadai wamewadanganya.

Na bendi ngapi za roki zimepita njia hii? Bon Scott, mwimbaji wa AC/DC, alifariki Februari 1980. Julai mwaka huo huo wenzake walikuwa wameshatoa albamu na Brian Johnson, na ni moja ya albamu zilizouzwa zaidi duniani mpaka leo. Miezi mitano! Linkin Park wamekaa miaka saba. Queen, bendi ya Freddie Mercury aliyezaliwa hapo ng'ambo tu, Unguja, imezunguka dunia na Paul Rodgers, kisha na Adam Lambert, na kila mwaka mnajisifu kwamba Freddie ni wetu. Sijawahi kusikia mtu wa kijiwe chetu akimwambia Lambert ashuke jukwaani.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba haya yanasemwa na watu wa Dar. Mji huu umelelewa na bendi zinazobadilishana waimbaji! Waulizeni wazee wenu. Muhiddin Gurumo aliimba NUTA Jazz, ndiyo Msondo ya baadaye, akaenda Mlimani Park, yaani Sikinde, ilipoanzishwa mwaka 1978, mwaka 1985 akahamia OSS (Orchestra Safari Sound), baadaye akarudi Msondo. Mwimbaji mwenzake Bitchuka naye kaenda huku karudi kule. Kila mtu akihama, mashabiki walinuna, walitaniana, walizomeana, lakini Jumamosi walikwenda ukumbini kusikiliza kilichopigwa. Waliweza kukuambia magitaa ya Sikinde yamepungua nini na tarumbeta za Msondo zimeongeza nini. Ugomvi wao ulikuwa wa muziki. Wa kwenu ni wa jinsia, na tuseme hivyo hivyo bila kuzunguka.

Maana nikiwabana kidogo tu, mnafika kwenye "sauti ya kike haiwezi kufoka". Nchi iliyomsikiliza Bi Kidude mpaka anazeeka, sauti imekwaruza na bado inapasua ukumbi, leo inatoa watu wa kusema mwanamke hana koo la roki? Emily hakuokotwa barabarani. Alikuwa na bendi yake, Dead Sara, Los Angeles, kwa miaka mingi kabla ya hapa. Sikilizeni anavyopanda kutoka kuimba laini hadi kufoka ndani ya pumzi moja. Halafu tofauti na mnavyodai, hajaribu kumwiga Chester. Chester alikuwa na sauti nyembamba juu, safi, ikipasuka inaumiza. Ya huyu ina mchanga tangu chini. Ni kitu kingine, na ndivyo inavyotakiwa.

Mnataka kulalamika? Malalamiko yapo, na mimi ninayo. Albamu ni fupi mno kwa watu waliosubiri miaka saba. Kuna sehemu gitaa limefunikwa, unajua lipo lakini hulisikii kifuani. Mpiga gitaa Brad Delson bado ni mwanabendi lakini hapandi jukwaani, kwenye maonyesho anapiga Alex Feder, na kwangu hilo ni pengo kubwa kuliko mnalolipigia kelele. Rob Bourdon ameondoka kwenye drams na hakuna hata mmoja wenu aliyemlilia! Nafasi yake amechukua Colin Brittain, ambaye pia ni prodyuza, na upigaji wake ni mzito zaidi, unasukuma. Rob alikuwa ananyooka kama saa. Mimi nakumbuka ule unyoofu, hasa kwenye nyimbo za zamani. Haya ni mambo ya kubishana mpaka usiku wa manane, kahawa juu ya kahawa. Lakini nikiyataja naambiwa "mwana, wewe umewauza".

Kuhusu Chester naomba tuheshimiane. Alijitoa uhai tarehe 20 Julai 2017, na kuna nyimbo sikuweza kuzisikiliza kwa muda mrefu baada ya hapo. Mei mwaka huo huo walikuwa wametoa One More Light, na mashabiki walimwandama kwamba wameuza roki kwa ajili ya pop, mpaka akawajibu kwa hasira kwenye mahojiano. Sisemi hilo ndilo lililomuua, na asije mtu kunilisha maneno. Nasema alipokuwa hai na akabadilisha muziki wake, mlimsema. Baadhi yenu mlioko humu mlimsema, nawajua. Leo ndiye fimbo ya kumchapia mwenzake. Kila mara mnapoandika jina lake chini ya video ya Emily, mnadhani mnamheshimu nani?

Sijasema lazima muipende. Kuna nyimbo mbili humo hata mimi naziruka. Hamtaki, nyimbo za zamani zipo, hakuna aliyezifuta, kaeni nazo kwa amani.

Lakini kwenye uzi huu, anayekuja kujibu aanze kwa kutaja wimbo wa From Zero aliousikiliza mpaka mwisho, kisha aseme ni wapi ulipomshinda: sauti, gitaa, drams, mashairi, chochote. Wa "rudisheni Chester" sitawajibu.