Ukoo wa Babu Mtoni: sanduku la vyombo

*Alhamisi*

06:12 Rehema: Assalaam aleikum ukoo. Jana magharibi nilipita Mtoni. Mchwa wameingia kwenye sanduku la vyombo vya babu vya kuchongea. Nimeliinua, kitako kikabaki sakafuni. Mpangaji mpya anaingia tarehe 1 na stoo anaitaka tupu. Jumamosi saa 3 asubuhi tukutane pale. WOTE.

06:13 Rehema: 📷 Picha 14

06:20 Rehema: Ile ya 9 itazameni taratibu. Ni patasi nyembamba, ile aliyokuwa anatolea macho na vidole. Mpini una kishimo cha dole gumba, upande mmoja tu. Nimeweka gumba langu likazama. Nimelia stoo peke yangu.

09:47 Rehema: Naona tiki za bluu 11. Jibu hata moja hakuna.

10:05 Juma Gongo la Mboto: Shikamoo shangazi. Sasa hao mchwa si nao wapangaji, walipe kodi 😂

10:06 Mwanahawa: 😂😂 ya miezi sita

10:06 Juma Gongo la Mboto: Na umeme wachangie

10:09 Rehema: Marahaba. Juma, Jumamosi unakuja au huji?

12:31 Hassani Keko: Shikamoo shangazi, nilikuwa kwenye mashine. Naombeni kitu kimoja, mtu asiguse vyombo na msasa wala grinda kabla sijafika. Kutu ile ni ya juu, inatoka. Toeni mipini kwanza, siki isiguse mti. Chuma kinalala kwenye siki usiku mmoja, asubuhi unasugua kwa brashi ya waya, unasuuza kwa maji ya magadi ili ukali wa siki ufe, unakausha hapo hapo, unapaka mafuta ya cherehani. Ukichelewa kukausha, kutu inarudi unaiona kwa macho.

12:33 Hassani Keko: Na kunoa ni kwa jiwe na maji. Ukiweka kwenye grinda chuma kikapata moto mpaka kikageuka buluu, ugumu umeshatoka. Utanoa kila baada ya dakika tano mpaka uchoke. Tezo ile kubwa babu alifuliwa kwa springi ya lori, chuma chake hukipati tena dukani.

12:40 Rehema: Allah akuzidishie baba. Mmesoma lakini? Na randa?

12:44 Hassani Keko: Ile Stanley namba 4? Mwili mzima, haina ufa. Kisu ndiyo kimeliwa pembeni kidogo. Nikikinoa, ukipitisha kwenye mninga inatoa maranda membamba kama ganda la kitunguu. Hapa Keko nina mashine, lakini ule mng'ao wa randa ya mkono mashine haiutoi.

13:15 Selemani: Salaam. Kuhusu kile kinyago cha ujamaa pale sebuleni, kuna mtu wa Mwenge, soko la vinyago, amekiona, ametaja bei nzuri. Anasema tukipake kiwi ya viatu pale kwenye michirizi ya njano kiwe cheusi chote, kitavutia.

13:17 Rehema: Kiwi???

13:24 Rehema: Kaka Sele. Ile njano ni mti wenyewe. Mpingo moyo wake mweusi, nyama ya nje ndiyo ya njano. Baba aliiacha makusudi, imeshuka mgongoni kwa yule bibi wa katikati kama khanga. Wanaopaka kiwi ni wenye mti mwingine wanaoutaka uitwe mpingo. Kinyago kile ni gogo moja. Gundi hakuna, msumari hakuna. Watu 23 wamebebana, na kati ya miili unaona dirisha upande wa pili. Kuna mtoto kule juu ameshika sikio la babu yake, kidole kidogo kuliko njiti ya kiberiti. Mpingo mgumu vile, kwa patasi ya mkono! Uniambie leo nani anakaa miezi akitafuta sikio ndani ya gogo.

13:26 Juma Gongo la Mboto: Jumamosi si kuna mechi lakini?

13:26 Mwanahawa: Mechi saa 10 jioni we

13:27 Juma Gongo la Mboto: Foleni ya Mbagala unaijua au unaisikia

13:31 Rehema: Kaka Sele sijajibiwa. Au kinyago nacho kiende kama jiliwa, lile chuma la kubania mbao?

13:50 Selemani: Miaka yote hii bado jiliwa.

13:52 Rehema: Bado. Liliuzwa kwa kilo, kama bati bovu.

13:52 Selemani: Hujui kitu Rehema. Uliza kwanza.

13:58 Mwanahawa: Jamani 🙏

16:20 Zuwena wa Bibi: Shikamooni. Bibi Somoe amesomewa yote. Naandika anavyosema.

16:24 Zuwena wa Bibi: "Yule wa chini kabisa, aliyebeba wenzake wote, ni mama yetu. Kaka aliniambia siku anamchonga, nikamletea uji. Mnamuuza mama yetu kwa mtu wa Mwenge? Vyombo apewe mwenye kuvifanyia kazi, visitundikwe ukutani. Selemani, habari ya jiliwa naijua mimi. Njoo kwangu, tusiisemee humu."

19:02 Selemani: Shikamoo shangazi. Nimesikia.

21:10 Rehema: Shikamoo shangazi. Basi kinyago hakitoki, ila kikae kwa nani? Kisiwekwe juani, kitapasuka. Hassani ulete siki lita 5. Nani ana kirikuu?

22:47 Ally: Samahanini nilikuwa zamu, nimesoma juu juu. Mchwa wa nini?

*Ijumaa*

05:40 Juma Gongo la Mboto: Shangazi kirikuu ya jirani ipo, ila Jumapili.

05:51 Hassani Keko: Jumapili kwangu sawa. Ila mimi ni seremala, sichongi. Neno la bibi la kuvifanyia kazi sijui linanihusu.

05:53 Zuwena wa Bibi: Anasema ameshasema.

06:02 Rehema: Mimi niliandika Jumamosi. Ile patasi nyembamba nimekuja nayo nyumbani, vingine nimevipandisha juu ya matofali. Kaka Sele, unakuja siku gani?