Tupeane uzoefu: mliobadilisha difu, mshale wa spidi uliwafanyia nini?

Mchungwa wa Muheza
Habari za jioni ndugu zangu, hasa mnaopita kila siku barabara ya Tanga kwenda Segera. Jana nilipokuwa napita Pongwe nilimwona kijana amesimamishwa, amesimama kando ya gari lake akiapa kwa mama yake mzazi kwamba alikuwa kwenye 50, na papo hapo nikakumbuka yaliyonipata mimi katika kipande hicho hicho cha barabara.

Nina Hilux ya kusukumwa na magurudumu ya nyuma ambayo hunibebea machungwa wakati wa msimu. Difu yake, yaani yale magia ya kwenye eksele ya nyuma yanayozungusha magurudumu, ilianza kuvuma, ikafika mahali abiria wa mbele tukawa hatusikilizani. Nilinunua difu iliyotumika, bolti zikaingia zote bila kulazimishwa, gari likawa jepesi na tulivu, nami nikamshukuru Mungu kwamba nimepata kitu kizuri kwa bei ndogo. Wiki ya pili nikapigwa tochi ya kupimia spidi. Askari akanionyesha 56, wakati mimi nilikuwa nimeutazama mshale wangu kwa makusudi kabisa kwa sababu kibao cha 50 nilikuwa nimekiona, na mshale ulikuwa umetulia juu ya 50. Nilibishana naye kwa ukali ambao leo unanisikitisha. Nililipa faini ya shilingi 30,000 huku moyoni nikiamini kwamba nimeonewa.

Fundi ndiye aliyenifumbua macho. Difu ya zamani ilikuwa bado imelala uani kwake, akaigeuza, akaniambia nihesabu mwenyewe. Nikahesabu kwa kidole, grisi ikanifika kwenye kifundo cha mkono: gia kubwa ya duara ina meno 41, pinioni, ile gia ndogo inayoizungusha, ina meno 9. Ile niliyofungiwa ilikuwa na meno 41 kwa 10. Jino moja tu la pinioni. Naomba na wengine waseme yaliyowapata, kwa maana naamini wapo wengi wanaoendesha na mshale usiosema kweli bila kujua.

Jirani wa Chumbageni
Ni kweli kabisa. Yalinipata nikiwa na Hiace.

Fundi wa Makorora
Ahsante kwa kuileta mada hii, maana huku gereji tunaulizwa kila mara na wengi hawaamini jibu. Katika magari mengi yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, waya wa spidi au sensa yake hutoka kwenye mkia wa giaboksi, au kwenye transfa, lile sanduku linalogawa nguvu mbele na nyuma, kwa yale ya magurudumu manne. Maana yake dashibodi haijui gurudumu linazungukaje. Inachokijua ni mzunguko wa propela, ile shafti ndefu inayotoka giaboksi kwenda kwenye difu, kisha inachukulia kwamba baada ya propela ipo difu ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Ukiibadilisha difu, hesabu inaharibika, lakini dashibodi inaendelea kusoma kama zamani.

Kwa Hilux ya ndugu yetu, zamani propela ilikuwa ikizunguka mara 4.56 ili gurudumu lizunguke mara moja. Sasa inazunguka mara 4.1 tu. Propela imepunguza mwendo, mshale umepunguza usomaji, lakini gurudumu liko pale pale. Gawanya 41 kwa 9, kisha 41 kwa 10, utaona mshale unasoma tisa ya kumi ya mwendo halisi. Ukiona 50, uko kwenye 55 na nusu. Ukiona 80, unakaribia 89. Ukifunga difu ya upande wa pili, yaani yenye uwiano mkubwa zaidi, mshale utazidisha, nawe utakuwa unakwenda polepole kuliko unavyodhani. Hilo la pili halina hatari kubwa. La kwanza ndilo linaloleta faini, na wakati mwingine msiba.

Dada wa Horohoro
Kaka fundi, ungeandika maneno haya mwaka mmoja mapema ningekuwa nimeokoka na dhambi ninayoibeba mpaka leo.

Nina gari la abiria linalofanya Tanga na Horohoro. Barabara ile ni kilometa 65, na mimi huandika kwenye daftari kila jioni, kilometa za gari na lita za dizeli. Kwa muda mrefu kwenda na kurudi kulikuwa kunasoma 130, mara nyingine 131. Gari likabadilishwa difu nikiwa msibani, na niliporudi nikaanza kuona 117, 118, dizeli ikiwa ile ile. Nikakaa na daftari nikapiga hesabu, nikaona kilometa kumi na tatu zinapotea kila safari. Nikajiambia kwamba dereva anageuzia njiani, abiria anawahamishia gari jingine, na mafuta yaliyobaki anayauza.

Yule kijana alinifanyia kazi miaka minne. Aliniambia, "Mama, mimi nafika mpaka mpakani kila siku, waulize makonda wenzangu." Sikuuliza. Nilimtaka funguo mbele ya watu pale stendi ya Kange. Dereva aliyefuata naye alileta 117. Nikapanda mwenyewe, nikakaa kiti cha mbele mpaka Horohoro na kurudi, na macho yangu yaliona 117. Mchezo wote ulikuwa kwenye difu, kwa sababu kile kihesabu cha kilometa hulishwa na waya ule ule wa mshale wa spidi. Kikidanganya kimoja, vyote viwili vimedanganya.

Jirani wa Chumbageni
Pole dada. Inauma.

Mtaalamu wa Matairi
Naomba niseme wazi kwamba mnaipa difu lawama isiyo yake. Kinachoharibu usomaji wa spidi ni matairi. Nimekaa na matairi miaka mingi na nimeona mtu akitoa 205/70 kwenye ringi ya 14 akaweka 195R14, mshale ukabadilika bila ya difu kuguswa.

Fundi wa Makorora
Ndugu yangu, hakuna aliyekana habari ya matairi. Tairi kubwa hutembea umbali mrefu zaidi kwa kila mzunguko, kwa hiyo mshale husoma pungufu. Lakini mfano wako una tofauti ya asilimia kama 4 tu, na jino moja la pinioni limeleta asilimia 10.

Mtaalamu wa Matairi
Basi kama ni hivyo, mwenye Hilux afunge matairi madogo kwa asilimia 10, mambo yatakaa sawa bila kufungua giaboksi.

Mchungwa wa Muheza
Mzee wangu, mashamba yangu yako ndani, na wakati wa mvua gari hupita kwenye matope yanayofika kwenye eksele. Nikilishusha chini nitavuna machungwa kwa kichwa.

Mwenye IST
Mimi nilibadilishiwa giaboksi nzima na mshale haukubadilika hata kidogo. Nadhani mnatishana.

Fundi wa Makorora
Gari lako linavutwa na magurudumu ya mbele. Kwa magari mengi ya namna hiyo, difu imo ndani ya giaboksi na mwendo husomwa baada ya difu. Yapo pia magari mapya yanayosoma kutoka kwenye sensa za ABS za kila gurudumu, nayo hayajali difu ina meno mangapi. Hatutishani, tunazungumzia magari tofauti.

Mzee wa Soni
Vijana wangu, nimesoma yote tangu juu na nimesita kuandika, kwa sababu jambo hili si la faini wala la daftari kwangu.

Nilikuwa na Land Rover ya zamani, zile zenye difu za 4.7. Ni gari la mlima, linapanda popote, lakini kwenye lami injini hulia kama inaomba msamaha. Nikashauriwa nifunge difu za Range Rover ya zamani, ambazo ni 3.54, mbele na nyuma, na zikaingia vizuri. Kuteremka mpaka Tanga mjini kukawa raha, injini imetulia, nami nikasifu kila nilipokaa. Kwenye gari lile waya wa spidi unatoka kwenye transfa. Sikulijua hilo na hakuna aliyeniambia. Mkipiga hesabu ya fundi mtaona kwamba mshale wangu ukisema 60, gari lilikuwa kwenye 80.

Barabara ya kushuka kutoka Lushoto kwenda Mombo nimeiendesha tangu ujana wangu. Kila kona nilikuwa naijua kwa namba yake kwenye mshale: hii 30, hii 25, ile iliyonyooka kidogo baada ya Soni naweza kuiachia mpaka 40. Siku hiyo nilipakia kabeji na karoti, na mjukuu wangu wa miaka saba alikuwa amekaa kati yangu na mama yake. Niliachia mpaka 40 kama siku zote. Arobaini yangu ilikuwa 53. Niligusa breki mapema kuliko desturi, kwa sababu mwili uliniambia kitu ambacho macho hayakukiona kwenye dashibodi, na pedali ikaanza kwenda chini polepole, kila mara zaidi. Kisha ikaja ile harufu ya breki zilizoungua, harufu kavu inayokaa kooni.

Nikarudisha gia ya tatu. Ndipo nikagundua jambo la pili ambalo pia sikuambiwa. Gia ya tatu ambayo zamani ilikuwa inalishika gari kwenye mteremko, sasa hailishiki, kwa sababu difu ndefu, yaani yenye uwiano mdogo, huipunguzia injini nguvu ya kulizuia gari kwa kiasi kile kile, robo nzima. Nikaingiza ya pili kwa kulazimisha, gari likapiga kelele, kabeji zikagonga kibao cha nyuma mfululizo. Mtoto alinishika mkono wa kushoto, ule ule ninaobadilishia gia, na sikuwa na muda wa kumwambia auachie. Upande mmoja ni bonde na mto, upande mwingine ni ukuta wa mlima. Nilichagua ukuta. Nililiegemeza gari kwenye udongo likajikwaruza mwendo wa kama nyumba tatu hivi, kisha likasimama, bodi ya upande ule imepasuka kutoka mbele mpaka nyuma.

Hatukuumia, Alhamdulillahi. Lakini nilikaa pale muda mrefu nikiutazama mshale ukiwa kwenye sifuri, na nikauchukia kwa namna ambayo sijawahi kukichukia kitu kisicho na roho.

Dada wa Horohoro
Shikamoo mzee. Nimesoma nikasimama. Mtoto hajambo?

Mzee wa Soni
Marahaba mwanangu. Hajambo, yuko kidato cha pili.

Baharia wa Raskazone
Mzee ametusahaulisha yote. Hata hivyo naomba kuuliza: kwa mwenye Land Cruiser mkonga, mtu akibadilisha difu ya nyuma peke yake inatosha?

Fundi wa Makorora
Haitoshi, na tafadhali usijaribu. Mzee alibadilisha zote mbili, na hapo alifanya sawa. Difu ya mbele na ya nyuma zisipokuwa na uwiano mmoja, siku utakapoingiza magurudumu manne kwenye ardhi kavu zitavutana, na kitakachokatika kwanza ndicho utakachokinunua.

Mwenye IST
Dawa ni rahisi. Pakueni programu ya spidi kwenye simu, inasoma kwa setelaiti, na mshale muusahau.

Jirani wa Chumbageni
Ukishika simu barabarani utapata kosa jingine.

Mwenye IST
Nimesema muiweke kwenye kishikio, sikusema muishike.

Mzee wa Soni
Kule kwetu kwenye kona na miti mirefu, simu inachelewa kusoma. Ukipunguza mwendo bado inakuonyesha ule wa nyuma. Mimi nilichora alama kwa rangi nyekundu juu ya kioo cha spidomita, 30 halisi iko hapa, 50 halisi iko hapa, na niliitumia mpaka nilipoliuza gari. Mnunuzi nilimweleza kila kitu, na nilimwandikia kwa mkono kwamba kilometa za dashibodi ni pungufu.

Fundi wa Makorora
Alama ya mzee inasaidia, lakini kihesabu cha kilometa hakioni rangi. Bado utabadilisha oili ya injini kwa kuchelewa, ukidhani umetembea 5,000 kumbe umevuka 5,500. Tiba yenyewe ni ile gia ndogo ya plastiki inayokaa mwisho wa waya, pale mkiani mwa giaboksi. Kama ilikuwa na meno 30, kwa Hilux hii inatakiwa ya meno 27, izunguke haraka zaidi kufidia. Hufunguliwa kwa bolti moja na kazi yake haifiki nusu saa. Isipopatikana yenye meno kamili, huwekwa kisanduku kidogo cha kubadilisha mzunguko katikati ya waya. Kwa gari la sensa, kipo kifaa cha umeme cha kurekebisha mapigo.

Na kabla ya kumlipa fundi yeyote, pimeni wenyewe. Nendeni kwenye barabara kuu yenye vibao vya kilometa, shikeni mshale kwenye 50 bila kuyumba, na abiria ahesabu sekunde kutoka kibao hadi kibao. Kwenye 50 ya kweli ni sekunde 72. Kwenye 60 ni sekunde 60, na kwenye 80 ni 45. Rudieni mara tatu.

Mtaalamu wa Matairi
Na upepo wa matairi uwe sahihi kabla ya kupima. Hili naomba lisipuuzwe.

Fundi wa Makorora
Hapo tumekubaliana, ndugu yangu.

Mchungwa wa Muheza
Narudi na majibu. Jumamosi nilitoka na mke wangu akiwa na saa mkononi. Mshale kwenye 50, sekunde 65, 65, 64. Leo asubuhi nimefungiwa ile gia ndogo. Ya zamani ninayo mfukoni, ina ukubwa wa kifuniko cha soda. Tumepita njia ile ile: 72, 71, 72. Kisha nikaendelea mpaka Pongwe, nikampita askari nikiwa kwenye 50.

Dada wa Horohoro
Kaka Mchungwa, naomba uniambie ulikoipata hiyo gia. Gari langu limesimama tangu juzi, na yule kijana wangu wa kwanza nimempigia simu. Amesema atakuja kesho tulipeleke gereji pamoja, na ameniomba nilete na lile daftari.