Nyumba ya mirathi, hati bado ina jina la marehemu, mnunuzi anataka kutanguliza nusu ya bei. Tuanzie wapi?

Mwana Kihonda:

Habari za saa hizi wakuu. Naomba mwongozo kwa wanaojua mambo ya mirathi na ardhi.

Nyumba iko Morogoro mjini, kiwanja kimepimwa, hati ipo mkononi ila ina jina la marehemu baba. Warithi ni mama, wavulana wawili na mabinti watatu. Binti wa mwisho ana miaka 15, na mvulana mmoja yuko Muscat kikazi. Babu na bibi walishatangulia mbele za haki kabla ya baba. Sisi ni Waislamu, shauri lilifunguliwa Mahakama ya Mwanzo na dada mkubwa ndiye msimamizi. Barua ya usimamizi anayo, ina miezi saba. Fomu namba 5 bado hajairudisha. Uani kuna wapangaji wawili.

Mnunuzi ametaja milioni 120 na anataka kuweka milioni 60 wiki hii ili tusije tukamgeuka. Dada anaweza kuuza sasa hivi, au mpaka mirathi ifungwe? Na huyu wa Muscat inabidi aje kusaini? Nimesoma mahali kwamba lazima mahakama "ithibitishe" kwanza ndipo muuze.

---

Mzee wa Masijala:

Hiyo ya "kuthibitisha" umeisoma kwenye ukurasa wa Kenya. Kule msimamizi anapewa hati, anasubiri miezi 6, kisha anarudi mahakamani hati ithibitishwe, na sheria yao inamkataza kuuza nyumba au ardhi kabla ya hapo. Kwetu Tanzania hatua hiyo haipo. Barua ya usimamizi, ile Fomu namba 4 yenye mhuri, ndiyo inayompa dada yako mamlaka.

Ila mamlaka hayo yana masharti yake, na hapo ndipo mmeanza kuchelewa. Kanuni za mirathi za Mahakama ya Mwanzo zinampa msimamizi miezi 4 tangu ateuliwe kurudisha Fomu namba 5, yaani orodha ya mali zote na madeni yote ya marehemu. Ninyi mko mwezi wa saba. Hamjaharibu, kwa sababu mahakama inaweza kuongeza muda, lakini uombwe. Dada aandike barua kwa hakimu wa shauri hilo, aeleze sababu ya kuchelewa, aambatanishe fomu ikiwa tayari imejazwa. Akiuza nyumba ambayo haijaorodheshwa popote, siku mrithi mmoja akinuna atakuwa na hoja mbili mkononi: msimamizi hakutoa orodha, na ameuza mali gizani. Hizo ndizo sababu za kawaida za watu kuomba usimamizi utenguliwe.

Kwenye fomu hiyo msiandike "nyumba moja Morogoro". Andikeni namba ya kiwanja, kitalu, namba ya hati, thamani ya kukadiria, na pango la wapangaji kwa mwezi tangu baba alipofariki. Hilo la pango watu hulisahau, halafu ndilo linaloleta ugomvi mkubwa kuliko nyumba yenyewe.

Sasa upande wa ardhi. Hati ikiwa na jina la marehemu, dada hawezi kumhamishia mnunuzi moja kwa moja. Kuna hatua mbili na zinafuatana.

Ya kwanza ni dada kusajiliwa kwenye hati badala ya marehemu. Anapeleka maombi kwa Msajili wa Hati pamoja na hati halisi, cheti cha kifo, nakala ya barua ya usimamizi iliyothibitishwa na mahakama (fotokopi ya stationery haitoshi, hata kama wakili kaipiga mhuri), kitambulisho cha NIDA na picha. Baada ya hapo hati itasomeka jina lake "kama msimamizi wa mirathi ya marehemu fulani". Hayo maneno ya mwisho hakikisheni yapo. Yakikosekana, kwa anayesoma hati nyumba ni ya dada.

Ya pili ndiyo uhamisho wa mauzo: fomu za ardhi namba 29, 30 na 35, zinasainiwa na dada na mnunuzi mbele ya wakili, zinaambatana na mkataba wa mauziano, ripoti ya uthamini, risiti za pango la ardhi na karatasi za TRA.

Kabla ya yote hayo fanyeni upekuzi rasmi wa hati. Mnatafuta vitu vitatu: mkopo wa benki ambao marehemu hakuwaambia, zuio lililowekwa na mtu, na deni la pango la ardhi. Pia linganisheni majina. Cheti cha kifo kikisema "Ally" na hati ikisema "Ali", faili litarudishwa dirishani. Dawa yake ni kiapo cha majina, ni kazi ya siku moja, lakini ukiigundua mnunuzi akiwa ameshalipa inageuka wiki za kushutumiana.

---

Kalamu Nyekundu:

Naongezea kwenye swali la Muscat, maana hapa watu wengi hupoteza nauli bure.

Anayeuza ni msimamizi peke yake. Warithi hawasaini fomu ya uhamisho, si wa Muscat, si wa Morogoro. Na kisheria msimamizi halazimiki hata kupata ridhaa ya kila mrithi ndipo auze; Mahakama ya Rufani ilishalisema hilo. Kwa hiyo mwenye kusema "bila saini yangu hamuuzi" anajidanganya, isipokuwa akienda mahakamani kuweka pingamizi.

Hata hivyo, chukueni ridhaa. Si kwa ajili ya Msajili tu, ni kwa ajili ya amani ya mnunuzi na usalama wa dada. Muhtasari wa kikao cha familia unaotaja bei ya chini inayokubalika, jina la mnunuzi na akaunti itakayopokea fedha, usainiwe na warithi wote waliofikisha miaka 18. Aliye Muscat aape kiapo cha ridhaa mbele ya ubalozi wetu pale pale Muscat na kutuma karatasi halisi. Picha ya WhatsApp haina kazi.

Hati ya uwakilishi ingehitajika kama yeye ndiye angekuwa anauza, na hapo ingebidi isajiliwe kwa Msajili kwanza. Kwenu haihitajiki, ila mkichagua njia mbaya itahitajika.

Njia mbaya ni hii: kufunga mirathi kwanza kwa kuwagawia warithi wote sita nyumba moja, halafu ndipo muuze. Mkifanya hivyo usimamizi umekwisha, wenye mali ni watu sita, na wote sita wanatakiwa kusaini. Wa Muscat atahitaji mwakilishi mwenye hati iliyosajiliwa. Binti wa miaka 15 hawezi kusaini kabisa. Mtasubiri afikishe 18 au mwende mahakamani kuombewa mlezi na idhini. Nyumba za namna hii ziko nyingi, geti lina kutu na matangazo ya "nyumba hii haiuzwi" yamepakwa rangi ukutani. Kama nia ni kuuza, uzeni sasa, mgawane fedha, ndipo mfunge.

Jambo moja tu la kuuliza kabla: hati ina jina la baba peke yake au na la mama? Ikiwa ni wamiliki wa pamoja bila mafungu, akifa mmoja nyumba inabaki kwa aliye hai, haiingii kwenye mirathi hata kidogo. Ikiwa kila mmoja ana fungu lake, kinachouzwa na msimamizi ni fungu la baba tu na mama anauza lake.

---

Mwana Kihonda:

Hati ni ya baba peke yake. Ila mama anasema msingi na boma viliinuliwa kwa fedha za biashara yake.

---

Kalamu Nyekundu:

Basi lizungumzwe kabla ya kugawa, na liandikwe. Mchango wa mjane kwenye nyumba si urithi wake. Ni mali yake inayotoka kwanza, halafu kinachobaki ndicho kinaitwa mirathi. Mkikubaliana kiasi, kiwekwe kwenye muhtasari na kwenye Fomu namba 5. Mkishindwa kukubaliana, mahakama itasikiliza ushahidi, na mauzo yasubiri. Msimwambie "mama utapata thumuni yako" (fungu la nane la mjane) kana kwamba ndiyo yote.

---

Bint Hesabu:

Kodi. Hapa ndipo bei ya milioni 120 inapoanza kupungua.

Mwenye kuuza nyumba analipa TRA kodi ya faida kabla ya uhamisho, na Msajili hasajili bila cheti cha TRA kwamba imelipwa. Kwa mkazi wa Tanzania ni 10% ya faida, yaani bei ya kuuzia ukitoa gharama zinazothibitishika. Kama hakuna kumbukumbu za gharama, inatozwa 3% ya bei ya mauzo au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Kwa hiyo mkiandika mkataba wa milioni 70 ili "kupunguza kodi" na ripoti ya mthamini ikasema 120, mtatozwa kwa 120. Tena mtakuwa mmejitengenezea mkataba wa uongo ambao mrithi mkorofi ataupeleka kwa hakimu na kuuliza milioni 50 ziko wapi.

Mfano bila risiti: 3% ya milioni 120 ni milioni 3.6. Mkiwa na risiti na vibali vinavyofikisha milioni 90, faida ni milioni 30, kodi milioni 3. Tofauti ni laki 6, kwa hiyo fungueni lile sanduku la baba kabla hamjaenda.

Kuna msamaha wa nyumba ya kuishi, lakini una masharti: mwenyewe awe ameimiliki na kuishi humo miaka 3 au zaidi, na faida isizidi milioni 15. Msiupigie hesabu kwa nyumba ya mirathi yenye wapangaji.

Ushuru wa stempu ni 1%, kwa desturi unalipwa na mnunuzi, ila uandikwe kwenye mkataba nani analipa nini. Uthamini ufanywe na mthamini aliyesajiliwa na ripoti iidhinishwe na Mthamini Mkuu wa Serikali. Na mkiambiwa na ofisi ya mtaa kwamba kuna asilimia 10 yao ya kugonga mhuri, ombeni waonyeshe kifungu cha sheria na risiti ya serikali. Kiwanja chenye hati hakihamishwi kwa mhuri wa mtaa.

Mgawanyo nao ni rahisi kuliko mnavyodhani. Kwanza zitoke gharama za mazishi, madeni ya marehemu, na wasia kama upo, usiozidi theluthi. Tuseme baada ya kodi, wakili na dalali zimebaki milioni 112. Kwa kuwa kuna watoto, mama ana thumuni, 1/8: milioni 14. Zinabaki milioni 98, mvulana mafungu mawili, binti fungu moja, jumla mafungu 7. Kila binti milioni 14, kila mvulana milioni 28. Kwenu imeangukia vizuri: gawa kwa 8, mama 1, mabinti 1 kila mmoja, wavulana 2 kila mmoja. Bibi mzaa baba angekuwa hai angechukua sudusi, 1/6, na hesabu ingebadilika yote, ndiyo maana umefanya vyema kutaja kwamba walishatangulia.

---

Dalali Mstaarabu:

Hizo milioni 60 za wiki hii zikataeni kwa upole. Si kwamba mnunuzi ni mbaya. Hati bado haijaingia jina la msimamizi, na fedha ikishaingia mikononi mwa watu sita, mmoja analipa ada na mwingine ananunua bodaboda, halafu faili likarudishwa, hakuna wa kurejesha.

Mpeni mkataba wenye malipo ya awali madogo, 10% inatosha, na vipengele hivi: muuzaji atajwe kwa jina lake "akiwa msimamizi wa mirathi ya marehemu fulani, shauri la mirathi namba kadhaa", siyo "familia ya marehemu", malipo ya awali yarudishwe ndani ya siku zinazotajwa endapo usajili utakwama, awamu kubwa ilipwe hati ikishasoma jina la msimamizi, salio siku ya kusaini fomu za uhamisho. Fedha zote zipite benki, akaunti moja, iliyotajwa kwenye muhtasari. Dada asipokee shilingi mkononi.

Wapangaji mmesahau. Nyumba inauzwa ikiwa na watu ndani au tupu? Kama walilipa miezi sita mbele, mnunuzi anawapokea na mikataba yao, au mnawapa notisi na kuwarudishia kilichobaki. Andikeni kwenye mkataba nani anabaki na pango la wapangaji la kuanzia tarehe ya makabidhiano. Na siku hiyo mpige picha ya mita ya LUKU na ya maji, someni namba pamoja. Kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, lakini deni la mkopo wa mita hubaki na mita, na mnunuzi akiweka umeme wa elfu kumi akapata uniti chache ndipo simu zinaanza.

---

Mwana Kihonda:

Nashukuru sana wakuu. La mwisho: fungu la mdogo wetu wa miaka 15, dada anaweza kulishika yeye mpaka akue?

---

Mzee wa Masijala:

Asilishike mfukoni wala kwenye akaunti yake binafsi. Amuombe hakimu aelekeze, na kwa kawaida fedha ya mtoto inawekwa kwenye akaunti ya benki kwa jina la mtoto chini ya uangalizi, haiguswi bila idhini. Risiti ya benki iambatanishwe kwenye Fomu namba 6, ile ya hesabu, pamoja na saini za warithi wengine kwamba wamepokea, kiasi gani na tarehe gani. Wa Muscat asaini naye, taarifa ya benki ya kumtumia iwepo. Mkiileta hiyo fomu ikiwa kamili, hakimu akiridhika anafunga shauri. Mkiileta inasema "kila mtu kapata chake" bila karatasi, mtarudishwa mpaka mchoke.

Na dada asiiache barua ya usimamizi halisi kwa dalali wala kwa mnunuzi. Nakala tu.